Usione Vyaelea: Fundi Aliyeishinda Safari

Kila nishukapo bonde la Nithi, kati ya Embu na Meru, humkumbuka marehemu Joginder Singh. Enzi za ujana wa baba yangu, mashindano ya Safari yalipopita upande huu wa Mlima Kenya, barabara hii ilikuwa ya udongo, yenye kona zisizohesabika, na mvua za Pasaka ziliigeuza utelezi mtupu.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932. Ufundi aliupata katika gereji ya babake, kisha akaajiriwa na chama cha wenye magari kuwasaidia madereva waliokwama njiani. Hivyo alizijua barabara zetu kwa ubovu wao, na magari kwa maradhi yake, kabla hajajulikana na yeyote.

Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544. Umbo la gari hilo lilitokana na mtangulizi wake aliyebuniwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Injini yake ya silinda nne, lita 1.8, ilikuwa ya gari la kawaida la familia. Tena halikuwa jipya: timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia katika Safari ya 1964. Ndugu hao waliibuka washindi, na mwaka uo huo kiwanda kikaacha kuunda magari ya aina hiyo.

Je, sifa ni za injini? La hasha! Mwaka 1974 na 1976 Joginder alishinda tena, sasa kwa Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19, ilhali wengi waliachwa matopeni. Magari yalibadilika; mikono ilikuwa ile ile. Alifariki London mwaka 2013.

Nikiwa mwanaisimu, sina budi kukumbusha kwamba fundi, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja. Sisi walimu ndio tuliowatenga ndugu hawa, tukawatisha watoto kwamba asiyefaulu mtihani ataishia gereji. Simba huyu wa Kenya alianzia huko huko. Wahenga walitukanya tusione vyaelea tukasahau kwamba vimeundwa. Mwalimu mwenzangu, kesho utakapomkuta mwanafunzi akifungua redio mbovu nyuma ya darasa, fikiri kwanza kabla ya kumwadhibu.