Kivoi na Mlima Mweupe

Kila niwasikiapo wataalamu wakibishana kama kuna viumbe chini ya barafu ya Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, humkumbuka marehemu Kivoi Mwendwa wa Kitui.

Kivoi alikuwa mfanyabiashara maarufu wa Ukambani. Misafara yake ya pembe za ndovu ilishuka hadi kwetu Mombasa. Mwaka 1849 alimkaribisha kwake Krapf, Mjerumani wa misheni ya Rabai, akamweleza habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunuka, Krapf akauona Mlima Kenya kwa macho yake.

Huko London Bwana Cooley, bingwa wa jiografia asiyepata kukanyaga Afrika, alikanusha kwamba huku kwenye jua la ikweta kuna theluji. Kivoi hakuwahi kuona ubishi huo ukiisha. Agosti 1851, akiwa safarini na Krapf karibu na mto Tana, wanyang'anyi waliwavamia, naye akauawa. Krapf aliponea chupuchupu. Yeye naye alifariki mwaka 1881, miaka miwili kabla ya Thomson kuuona mlima ule na kuthibitisha.

Mwaka 2015 wataalamu walitoboa mita 740 za barafu ya Antaktika, wakateremsha kamera, wakaona samaki wakiogelea gizani. Mwaka 2024 Marekani ilirusha chombo kuelekea Europa. Kinatarajiwa kufika 2030.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba viumbe wapo huko. Nasema tu kwamba asiyefika Ukambani asimkanushe Mkamba.