Mgr Emmanuel Kataliko: Askofu aliyeuliza feza za nchi zinaenda wapi

Mwezi wa pili mwaka 2000, hapa Bukavu misa zilisimama na milango ya shule za Kikatoliki ikafungwa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na sisi watoto tulifurahi kwanza, tukidhani ni konje. Jioni nikakuta wamama wa shirika yetu wamekaa ndani ya lupango, wengine wanasali, wengine wanalia. Nikauliza kumetokea nini. Nikaambiwa askofu mkuu amekatazwa kurudi nyumbani kwake.

Kwa akili ya mtoto sikuelewa. Mtu anakatazwa namna gani kurudi nyumbani kwake? Na makosa yake ni gani? Nilipokua ndipo nilijua kwamba makosa yalikuwa barua. Na ukiisoma barua ile utaona kwamba sehemu yake kubwa inazungumzia feza: nani anazikusanya, zinatoka wapi, na zinalipa kitu gani.

Ili kuelewa sababu gani askofu aliandika mambo ya feza siku ya Noeli, lazima turudi nyuma, Nord-Kivu, kwenye milima ya baridi ya Lubero.

MTOTO WA LUKOLE

Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka 1932 huko Lukole, katika teritware ya Lubero. Ni inchi ya wakulima. Watu wanalima maharagi, viazi, mboga, na ardhi ni ndogo kwa wingi wa watu. Mapadiri Waasumptionisti ndio walikuwa wamefungua misioni upande huo. Kijana akaingia seminari, akapata upadre mwaka 1958, akasoma Roma. Kule hakutosheka na teolojia peke yake, akaongeza masomo ya sosiolojia, ni kusema elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja. Masomo haya mawili yalimfuata maisha yake yote.

Mwaka 1966 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita akamteua askofu wa Beni, jimbo ambalo leo tunaliita Butembo-Beni. Alichukua nafasi ya Mgr Henri Piérard, Mbelgiji. Kataliko alikuwa bado kijana, hajafika hata miaka 35. Inchi ilikuwa imetoka tu katika uasi wa Wasimba wa 1964, ambao ulipita Beni, Butembo na Lubero na kuacha damu. Mobutu alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja kwenye kiti.

Kijana huyo alikaa pale miaka 31.

LETA ILIPOKOSEKANA

Wazee wanakumbuka vizuri miaka ile. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, kwa hiyo hata jina la Emmanuel halikuruhusiwa katika karatasi za Leta. Mwezi wa kumi na moja 1973 ikaja zairianisation: maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa kwa Wazairwa, wengi wao watu wa karibu na wakubwa, na baada ya muda mfupi mengi yakakauka. Mwisho wa 1974 Leta ikachukua shule za makanisa. Mwaka 1977 ikazirudisha zisimamiwe na makanisa, kwani kazi ilikuwa imeishinda.

Barabara ziliharibika. Mushahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata gunia la maharagi. Mahali pengi watu walingoja Kinshasa. Butembo walichoka kungoja.

Hapo ndipo kazi ya Kataliko ilionekana. Katika mafundisho yake, imani na maisha ya kila siku havikutengana. Mkristo anayesali Siku ya Mungu na kuacha daraja la kijiji chake livunjike, alikuwa bado hajamaliza sala yake. Parokia zikawa mahali pa kupanga kazi: nani analeta mawe, nani analeta mbao, nani anapika chakula cha wafanyakazi. Watu walifanya salongo kwenye barabara, na tofauti na salongo ya chama cha Mobutu, hapa waliona faida yake palepale, kwa sababu kabichi na vitunguu vya Kyondo vilifika sokoni kabla havijaoza. Jimbo lilijenga shule, vituo vya afya na hospitali, likaweka na ofisi yake ya maendeleo.

Wafanyabiashara nao aliwaita. Butembo ni mji uliojengwa na wachuruzi. Walianza na mboga, kahawa na dhahabu, wakaenda Kampala, Nairobi na Mombasa, baadaye wakafika Dubai na Hong Kong, wakirudi na kontena za vitambaa, vipuri na motokari. Si wote walikuwa Wakatoliki. Wengi walilelewa katika misioni ya Wabaptisti, na walijulikana kwa kubana matumizi na kutimiza neno walilopatana. Kataliko alikaa nao wote meza moja. Aliyepata mali katika mji huo alikuwa na deni kwa mji huo. Kwa hiyo walichanga kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya majengo, kwa ajili ya vijana.

Lakini tusimfanye malaika, na tusiwafanye wachuruzi wa Butembo kuwa malaika. Sehemu ya mali ile ilipita mupakani bila kulipa ushuru. Dhahabu na kahawa vilivuka kwenda Uganda kwa njia za panya. Na wakati wote kuna swali ambalo wakulima wadogo waliweza kuuliza: kama tajiri anatoa saruji na maskini anatoa mgongo wake kubeba mawe, nani ametoa zaidi? Kanisa linalokaa karibu na wenye feza linaweza kusahau upesi harufu ya jasho. Kataliko aliishi katikati ya swali hilo. Jibu lake la vitendo lilikuwa kwamba mali, hata ikiwa imetoka wapi, ikishaingia katika shule na hospitali inakuwa ya wote, na mtoto wa mbeba mawe ana haki ya kukaa benchi moja na mtoto wa mwenye kontena. Mtu anaweza kukubali jibu hilo au kulikataa. Ila shule zile ziko, na watu walisoma.

CHUO KIKUU MLIMANI

Wakati wa Mobutu, kijana wa Lubero akimaliza shule ya sekondari na kutaka chuo kikuu, ilibidi aende Kisangani, Kinshasa au Lubumbashi. Ni safari ya majuma, na wengi hawakurudi. Mwenye akili alikuwa anaondoka, na kijiji kilibaki na wale ambao hawakupata nafasi.

Mwaka 1989 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, pale Butembo. Mwaka huohuo hapa kwetu Bukavu ikazaliwa UCB. Haikuwa ajali. Maaskofu wa Mashariki walikuwa wameona kwamba Leta ya Zaire inaanguka, na kwamba bila madaktari, watu wa sheria, wataalamu wa kilimo na wa uchumi waliofunzwa hapahapa, watu watabaki mikononi mwa yeyote atakayekuja na bunduki. Miaka michache baadaye, wenye bunduki wakafika kweli.

Kwa Kataliko kusoma hakukuwa pambo la mtu kuitwa mukubwa. Mkulima anayejua kwa nini udongo wake umechoka, muuzaji anayejua kuandika hesabu zake, mama anayejua kusoma karatasi ya kodi kabla ya kulipa: hao ni watu ambao ni vigumu kuwadanganya.

BUKAVU YENYE KIDONDA

Tarehe 29 mwezi wa kumi 1996, Mgr Christophe Munzihirwa, askofu mkuu wa Bukavu, aliuawa pale Nyawera, wakati mji ulipoangukia mikononi mwa wanajeshi wa Rwanda na AFDL. Mji mzima unajua mahali pale. Mwezi wa tatu 1997 Roma ikamtuma Kataliko achukue kiti chake.

Fikiri hali yake. Alikuwa anaelekea miaka 65, alikuwa amemaliza kujenga kwao, alikuwa anajua kila kilima kwa jina. Sasa anatumwa kwenye mji ambao si wake, lugha ya nyumbani si yake, na aliyemtangulia amepigwa risasi barabarani. Wengine wangetafuta sababu ya kukataa. Yeye akaja.

Mwezi wa nane 1998 vita ya pili ikaanza. RCD, ikisaidiwa na Rwanda, ikatawala mji. Habari zikawa zinafika, moja baada ya ingine: Kasika mwezi ule ule wa nane, ambako padiri, masista na mwami waliuawa pamoja na raia wengi. Makobola mwanzoni mwa 1999. Kwenye barabara, vizuizi na kodi. Vijijini, parokia zilizoporwa. Ngombe zikachukuliwa, mashamba yakaachwa, na watu wakakimbilia mjini wakiwa na mtoto mgongoni na kisufuria mkononi. Kwa upande mwingine, ndege zilikuwa zinaondoka na madini.

BARUA YA NOELI

Noeli ya 1999 Mgr Kataliko akawaandikia waamini wake. Alisema wazi kwamba mataifa ya kigeni, yakishirikiana na ndugu zetu wenyewe Wakongomani, yanaendesha vita kwa mali ya inchi yetu. Mali ambayo ingejenga, ingesomesha watoto na kuponya wagonjwa, ndiyo inatumika kutuua. Kodi zinakusanywa na hazirudi kwa raia. Hakuacha Kanisa nje ya maneno hayo: aliwaomba waamini wajiangalie wenyewe pia, wajue kama wanakubali kununuliwa. Na alikataa chuki. Aliita watu kwa tumaini na kwa kusimama bila silaha.

Mtu aliyesoma maisha yake Butembo haoni ajabu katika barua hiyo. Kwa miaka 31 alikuwa amefundisha kwamba feza ya jamii ina kazi yake: barabara, shule, dawa. Bukavu alikuta feza ileile inanunua risasi. Kwa macho yake hiyo ilikuwa dhambi, na dhambi inatajwa kanisani. Hakubadilisha mafundisho, ila sasa yalikuwa yanagusa watu wenye jeshi.

RCD ikasema anachochea chuki. Tarehe 12 mwezi wa pili 2000, alipokuwa anarudi jimboni, wakamzuia kuingia Bukavu na kumpeleka Butembo. Labda waliona ni adhabu nyepesi, kumrudisha mzee kwao. Lakini walimrudisha mahali ambapo kila barabara na kila shule ilikuwa inamtaja.

Hapa Bukavu watu hawakunyamaza. Misa zilisimama, shule zikafungwa, na Waprotestanti na mashirika ya raia walisimama pamoja na Wakatoliki. Mji uliokuwa umezoea siku za ville morte ulionyesha kwamba unaweza kufunga mlango bila kurusha jiwe. Ilichukua miezi saba.

SIKU ISHIRINI

Tarehe 14 mwezi wa tisa 2000 alirudi. Siku ile naikumbuka kwa miguu yangu, sababu tulitembea sana. Watu walijaa barabarani, wenye matawi, wenye vikwembe wanatandika chini, watoto juu ya mabega. Sikumwona vizuri, nilikuwa mfupi. Nilisikia tu kelele inasogea kama mvua inayotoka upande wa ziwa, na nikajua amepita.

Siku ishirini baadaye, tarehe 4 mwezi wa kumi, redio ikatangaza kifo chake. Alikuwa Italia, kwenye mkutano wa maaskofu wa Afrika, na moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 68. Bukavu wengi hawakukubali kwamba ni moyo tu, na mpaka leo maneno ya sumu yanasikika kwenye mazishi na ndani ya taksi. Hakuna aliyeonyesha ushahidi. Tunachojua ni kwamba mzee alikuwa ametumia miezi saba uhamishoni, baada ya miaka mitatu ya kuzika watu wa wengine. Mwili ukarudishwa, na Bukavu ikamzika katika Katedrali Notre-Dame de la Paix, karibu na Munzihirwa.

Mwezi wa nne 2001, kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa kikatoa ripoti juu ya uporaji wa mali ya Kongo: koltani, dhahabu, kahawa, mbao, ngombe, na namna vilivyolipa gharama za vita. Dunia ikashangaa. Waamini wa Bukavu walikuwa wameisikia habari hiyo kanisani, mwaka mmoja na zaidi mbele.

KILICHOBAKI

UCG inaendelea kufundisha, ingawa Beni na Lubero zimezika watu wengi tangu 2014. Biashara ya Butembo inaendelea, pamoja na hofu yote ya barabara. Hapa Bukavu vijana wengi wanapita karibu na kaburi lake wakienda mtihani au sokoni, bila kujua kwamba mwenye kulala pale aliondolewa mjini juu ya swali ambalo mama yeyote wa Kadutu anajiuliza akilipa taksi ya soko: feza hii inaenda wapi?

Hakuliacha swali hilo kwa wasomi peke yao. Alilifundisha parokiani, akalisimamisha juu ya madaraja na madarasa ili kila mtu aone jibu zuri linafanana na nini. Ukilipa leo kwenye kizuizi, kwenye soko au shuleni, omba karatasi yako. Kisha angalia barabara unayopitia kurudi nyumbani.