Maisha ya Dakta Robert Koch na Ng'ombe Wenye Kikohozi

Dakta Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za migodi, na nyumba yao ilikuwa na watoto kumi na watatu, Robert akiwa wa tatu. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma gazeti bila ya kufundishwa na mtu. Wenzangu wa Kidato cha Kwanza walizingatie hilo.

Nimechagua kuandika habari zake kwa sababu kila mwanafunzi wa Baiolojia hulisikia jina lake, lakini ni wachache wajuao ya kuwa bwana huyu alishughulika sana na ng'ombe, na ya kuwa alifika nchi hii yetu zaidi ya mara moja. Sisi wa Migato, ambao daftari na sare zetu nyingi zimetoka zizini, yatufaa tumjue.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mwaka 1872 akawa mganga wa wilaya huko Wollstein, mahali ambapo siku hizi ni Poland. Hakuwa na maabara ya chuo wala wenzake wa kushauriana nao. Alikuwa na darubini, naye akafanya uchunguzi wake nyumbani. Siku zile kimeta kilikuwa kikiangamiza kondoo na ng'ombe wa wakulima. Koch alivichukua vijidudu vya kimeta akavikuza katika maji ya jicho la ng'ombe, akaona vinageuka kuwa kama mbegu ngumu ziwezazo kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Mwaka 1876 akatangaza habari hiyo. Ndiyo sababu mpaka leo tunakatazwa kuupasua mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta.

Kazi iliyomfanya ajulikane duniani kote ni ile ya kifua kikuu. Katika Ulaya ya wakati huo ilihesabiwa kwamba katika kila watu saba wafao, mmoja aliuawa na ugonjwa huo, na wengi walidhani ni wa kurithi tu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch aliwaonyesha matabibu wenzake kijidudu chenyewe. Alikuwa amekitia rangi hata kikaonekana, akakikuza, kisha akawaambukiza wanyama wadogo nao wakaugua. Alikikuta katika mapafu ya watu na katika mapafu ya ng'ombe pia, na wakati ule aliamini ya kuwa ugonjwa ni mmoja.

Mwaka 1890 alitangaza dawa aliyoiita tuberkulini, iliyotokana na vijidudu vyenyewe. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa matumaini makubwa. Lakini haikuponya, na baadhi yao ilizidi kuwadhuru wakafa. Hilo lilikuwa pigo kubwa kwa jina lake. Basi waganga wa mifugo wakagundua jambo ambalo yeye hakulikusudia: ng'ombe mwenye kifua kikuu akidungwa tuberkulini hupandwa na homa, na mzima haoni kitu. Dakta Bernhard Bang wa Denmark akaitumia kuwatenga wagonjwa na wazima, na ndama wakanyweshwa maziwa yaliyopashwa moto. Kwa njia hiyo mfugaji aliweza kulisafisha kundi lake bila ya kuliua lote. Siku hizi tuberkulini iliyosafishwa hutiwa katika ngozi ya shingo, na baada ya saa 72 hupimwa kama pale pamevimba.

Afrika aliijia kwa ajili ya ng'ombe. Sotoka ilipokuwa ikiyamaliza makundi, aliitwa Kimberley, Afrika ya Kusini, mwishoni mwa 1896. Mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, akachunguza malaria na maradhi ya mifugo mpaka mwaka uliofuata. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliviona vijidudu vya ndigana kali, lakini akavidhania kuwa vya homa nyingine. Wazee wetu wanaujua ugonjwa huo: tezi za chini ya sikio huvimba, mapafu hujaa maji, na mnyama hufa akihema huku povu likimtoka puani. Mwaka 1903 alikwenda Bulawayo kuutafutia dawa, asifaulu. Ni wengine waliothibitisha kuwa kupe ndiye mchukuzi wake.

Mwaka 1901, katika mkutano wa London, Koch alisimama akasema kinyume cha maneno yake ya zamani: kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si kile cha watu, na kwamba hatari ya maziwa ni ndogo mno hata haifai kuwekewa sheria. Bang alimpinga, na Mfaransa Edmond Nocard pia. Huyu Nocard si mgeni katika habari za mapafu, kwani yeye na Émile Roux ndio waliokipata, mwaka 1898, kijidudu cha homa ya mapafu ya ng'ombe. Serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza. Koch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, akafariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Taarifa ya mwisho ya tume ilitoka 1911, ikathibitisha kwamba ugonjwa wa ng'ombe humwambukiza mtu, hasa watoto, kwa njia ya maziwa.

Mimi namwona mkubwa hata hivyo, maana waliomshinda walimshinda kwa njia alizowafundisha mwenyewe.

Kwetu vikohozi hivi huchanganywa. Mwenye homa ya mapafu hunyoosha shingo, hutanua viwiko vya miguu ya mbele na kuguna apumuapo. Chanjo yake itumikayo sana Afrika, T1/44, imetokana na kijidudu kilichopatikana hapa Tanzania. Sindano za dukani humpa nafuu, lakini ugonjwa waweza kubaki umejificha pafuni, akawaambukiza wengine. Mwenye kifua kikuu hukonda polepole na kukohoa zaidi kukiwa na baridi. Huyo hatibiwi, bali huchinjwa mbele ya mkaguzi.

Babu yangu husema maziwa yaliyochemshwa hayana ladha, nami siwezi kubishana naye juu ya ladha. Mama huyachemsha yote hata yafure, na yale ya kugandisha kibuyuni huyachemsha kwanza, akayapoza. Tuna jike mmoja akohoaye alfajiri tangu mavuno. Babu alitaka kumpeleka mnadani kabla hajakonda zaidi. Baba amemwomba angoje. Amefungwa peke yake mbali na ndama, na bwana mifugo ameahidi kuja Jumatatu.