Utamaduni: Mwenda Jean-Bosco, gitaa la Likasi lililosafirisha Kiswahili cha Katanga

Mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey alifika Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akiwa na mashine ya kurekodi sauti. Alikuwa anazunguka Afrika ya kati na ya kusini kukusanya muziki aliohofia utapotea. Tracey alikuwa mtu wa ngoma, malimba na ala za jadi, na gitaa halikuwa katika mambo aliyokuja kutafuta. Lakini huko Jadotville alikutana na kijana wa miaka 22, Mwenda Jean-Bosco, na alichokisikia kilimfanya awashe mashine yake.

Kati ya nyimbo zilizorekodiwa, moja iliitwa Masanga. Ilitoka kwenye santuri za kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini na ikapata tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa kazi bora za muziki wa Kiafrika. Katika miaka michache, kijana ambaye hakuwa amejulikana nje ya miji ya migodi alikuwa anasikilizwa Nairobi, Salisbury na Johannesburg.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, na jina lake peke yake ni historia. Mwenda ni jina la ufalme wa Bayeke, lililobebwa na Msiri, mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyetoka magharibi ya Tanzania ya leo. Katika karne ya 19, Msiri alijenga dola yake Bunkeya kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Aliuawa Desemba 1891 na watu waliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold II. Upande wa pili wa jina, Jean-Bosco, ni mtakatifu wa mapadri Wasalesiani, waliokuwa wanafanya kazi Katanga tangu 1911. Mtoto mmoja alibeba Bunkeya na misheni pamoja, na hilo halikumshangaza mtu yeyote katika Katanga ya wakati ule.

Lugha aliyoimbia ilikuwa na asili kama hiyo. Kiswahili kilifika Katanga kwa njia za misafara kabla ya Wabelgiji. Lakini kilichokifanya kiwe lugha ya kila siku ni migodi. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, nchi ya Baluba, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini. Watu hawa walihitaji lugha moja ya kuelewana chini ya shimo, kambini na sokoni. Lugha waliyoijenga ilichukua maneno ya Kibemba, Kiluba, Kisanga na Kifaransa. Mtu wa Zanzibar anasema watu, mtu wa Katanga anasema batu. Watoto ni batoto, kizuri ni muzuri. Waalimu wengi waliiona kama Kiswahili kilichoharibika, cha kusahihishwa au cha kufichwa.

Mwenda hakukificha. Alikuwa mtu aliyesoma, aliyefanya kazi ya ofisini, na Kifaransa alikijua. Angeweza kutafuta sifa kwa kuiga nyimbo za Wazungu, kama wengi wa tabaka lake walivyofanya. Aliimba pia kwa lugha za nyumbani kwao, lakini kwa sehemu kubwa aliimba kama watu walivyoongea kambini. Masanga haina hadithi yenye mwanzo na mwisho. Ni maneno mafupi yanayopita, mara jina, mara neno la kuita, jinsi mtu anavyozungumza na wapitanjia akiwa amekaa mlangoni. Wasomi wa baadaye waliotaka kuitafsiri walipata taabu, na si ajabu: maneno ya namna hiyo yanaeleweka vizuri zaidi na mtu anayeijua barabara yenyewe.

Kazi kubwa nyingine ilifanywa na vidole. Mwenda alipiga gitaa la nyuzi za chuma, bila umeme, kwa vidole viwili: gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika sauti za chini, kidole kilicheza juu, na kila kimoja kilikwenda na mwendo wake. Anayesikia kwa mara ya kwanza huuliza wapigaji ni wangapi. Anayefahamu likembe hashangai sana, kwa sababu ndivyo ala hiyo inavyopigwa: vidole viwili vinavyojibizana, na wimbo unazaliwa katikati yao. Gitaa lilikuwa limenunuliwa dukani, lakini mkono ulikuwa umefundishwa na vitu vya zamani zaidi.

Mwanamuziki na mtafiti David Rycroft alichukua santuri hizo na kuziandika nota kwa nota. Kazi yake ilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jarida la African Music. Ilionyesha kwamba Mwenda hakurudia kitu kile kile, kwamba kila mzunguko ulibadilishwa kidogo na kwa makusudi. Ni heshima ambayo wapiga gitaa wachache wa Afrika waliipata wakati ule. Hata hivyo, mizani ililalia upande mmoja: vidole vilichunguzwa kwa darubini, lakini Kiswahili alichokiimba hakikupata uangalifu wa namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa mashuhuri wa Katanga, alifanya kazi huko pia. Kampuni za biashara zilikuwa zimegundua kwamba gitaa linauza bidhaa, na Mwenda aliimba matangazo ya dawa ya Aspro. Kiswahili chake cha migodi kiliwafikia watu waliosema Kiswahili cha namna nyingine, nao wakakipokea. Huko magharibi ya Kenya, vijana waliketi na santuri za Katanga wakitafuta gumba lilipita wapi na kidole kilipita wapi, na mtindo wa vidole wa eneo hilo unabeba alama hiyo hadi leo.

Nyumbani mambo yaligeuka. Katanga ilijitenga Julai 1960, na vita vya kuirudisha vikaisha Januari 1963. Kisha muziki wa Kinshasa ukatawala redio kwa gitaa za umeme, bendi kubwa na Kilingala, ambacho kilikuwa pia lugha ya jeshi na ya Mobutu. Mtu mmoja na gitaa kavu, anayeimba kwa Kiswahili cha Katanga, alianza kuonekana wa zamani akiwa bado kijana. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Wakati huohuo, katika nchi yake, vijana walikuwa wanacheza muziki wa wengine.

Mobutu alipopiga marufuku majina ya kikristo katika siasa yake ya uhalisi, Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Wengine walitafuta majina mapya kwa shida. Yeye alirudi tu kwenye lile la Bunkeya. Katika miaka hiyo aliongoza bendi Lubumbashi na kuendesha hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hakuwa maskini wa kuhurumiwa, kama wageni wengine walivyopenda kumwazia.

Wageni hao waliendelea kuja. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gitaa, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta Mwenda, Masengo, Losta Abelo na wenzao, ajifunze kwa kuwatazama mikono. Daftari la safari yake lilichapishwa Vienna mwaka 1982. Mwaka huohuo Mwenda alizunguka Ulaya, akipiga mbele ya watu waliokuwa wanazijua nyimbo zake kupitia santuri za miaka 30 iliyopita. Rekodi za Tracey nazo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Kijana wa Likasi anayetaka kusikia mji wake ulivyolia mwaka 1952 analazimika kuutafuta kupitia nchi nyingine.

Mwaka 1988 Mwenda aliingia studio mjini Cape Town, akarudia nyimbo zake za zamani akiwa na miaka 58. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia. Rekodi za Cape Town zilitolewa Marekani mwaka 1994.