Louis Pasteur: kuku walivyomfundisha siri ya chanjo

Mfugaji anayedondosha tone la chanjo ya kideri kwenye jicho la kuku wake anafuata njia iliyofunguliwa na Louis Pasteur. Leo tunaangalia maisha ya Mfaransa huyo.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Yeye mwenyewe hakusomea udaktari wa watu wala wa mifugo, alisomea kemia. Kati ya watoto wake 5, watatu walifariki wakiwa bado wadogo. Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto, lakini hakuacha kazi.

Mwaka 1879 alianza kuchunguza kipindupindu cha kuku, ugonjwa uliokuwa ukimaliza mabanda. Vijidudu alivipata kwa Henry Toussaint, daktari wa mifugo wa Toulouse, akavikuza kwenye supu ya kuku. Vikiwa vipya, viliua karibu kila kuku aliyedungwa. Vilivyokaa muda mrefu vikipigwa na hewa vilipungua nguvu: kuku waliugua kidogo, kisha wakapona. Kuku hao walipodungwa baadaye vijidudu vikali, walibaki hai, huku wenzao wasiowahi kudungwa wakifa. Miili yao ilikuwa imeshajifunza kupambana na adui huyo.

Mwingereza Edward Jenner alikuwa ametangulia kuwakinga watu dhidi ya ndui kwa kutumia ndui ya ng'ombe. Jambo jipya la Pasteur, akisaidiwa na Émile Roux, lilikuwa kudhoofisha kijidudu chenyewe maabara ili kiwe kinga. Alitangaza hayo mwaka 1880. Mwaka 1881 akakinga kondoo dhidi ya kimeta, na mwaka 1885 akamchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo alipona.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Kijidudu cha kipindupindu cha kuku kinaitwa Pasteurella kwa heshima yake.

Kwetu wafugaji, majaribio yale yanatuachia mambo mawili. Kwanza, chanjo huandaa mwili kabla ugonjwa haujafika, hivyo tuwachanje kuku wakiwa wazima. Pili, kila ugonjwa una chanjo yake: ya kideri haizuii ndui ya kuku. Tumwone afisa mifugo mapema, tusisubiri kuku waanze kufa.