François Cevert: dereva Mfaransa aliyepanda ngazi moja kwa moja, akafariki mbele ya kupewa kiti cha kwanza

François Cevert alishinda mara moja tu katika mbio za Formule 1. Lakini zaidi ya miaka 50 kisha kifo chake, jina lake lingali linatajwa kila mara watu wanapozungumzia madereva wakubwa wa Ufaransa ambao hawakufika kwenye ubingwa wa dunia. Alifariki akiwa na miaka 29. Wakati ule kiti cha kiongozi wa timu yake kilikuwa kimekwisha kutayarishwa kwa ajili yake, na yeye mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Jina lililowekwa sababu ya vita

Cevert alizaliwa Paris tarehe 25 mwezi wa pili 1944, wakati jeshi la Ujerumani lilikuwa lingali linakalia Ufaransa. Baba yake, Charles Goldenberg, alikuwa Muyahudi mwenye asili ya Ukraine, na kazi yake ilikuwa kuuza vito. Katika miaka ile, Wayahudi walikuwa wanakamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Baba alijiunga na watu waliokuwa wanapigana kwa siri na Wajerumani, na watoto wakaandikishwa kwa jina la mama yao, Huguette Cevert. Jina hilo lililowekwa kwa kuokoa maisha ndilo François alibaki nalo hata vita vilipokwisha.

Nyumbani kwao hapakukosa kitu. Kijana alijifunza piano, akapenda sana muziki wa Beethoven. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye moteri. Alipofika miaka 16 alianza kushindana na rafiki zake kwa pikipiki ndogo ya Vespa ya mama yake, kisha akapata pikipiki kubwa ya Norton. Karibu yake palikuwa na mtu wa kumwonyesha njia: Jean-Pierre Beltoise, bingwa wa pikipiki aliyekuja kuwa dereva wa Formule 1, na aliyemwoa dada yake Jacqueline.

Zawadi iliyogeuka mzigo

Alipomaliza kazi ya jeshi, Cevert aliingia katika masomo ya udereva wa mashindano. Mwaka wa 1966, huko Magny-Cours, alishiriki Volant Shell, shindano la kuchagua kijana mmoja kati ya wanafunzi wote. Wenzake walikuwa wakali. Mmoja wao alikuwa Patrick Depailler, ambaye naye angekuja kujulikana dunia nzima. Cevert akashinda, na zawadi yake ikawa motokari ya Alpine ya Formule 3.

Katika miaka ile njia ya dereva kijana ilikuwa kama ngazi. Chini palikuwa Formule 3, motokari nyepesi za mtu mmoja, mipira ikiwa nje, na moteri ya litre 1. Juu yake palikuwa Formule 2, moteri ya litre 1,6. Kwenye kilele palikuwa Formule 1, moteri ya litre 3. Mwenye kufanya vibaya chini hakuna aliyemwita juu.

Mwaka wa 1967 ulikuwa wa taabu kwa Cevert. Alpine yake haikuwa na mbio za kutosha. Tena kupewa motokari si kupewa feza za kuitunza: mipira, moteri, safari ya kila juma, mshahara wa makanika, yote yalikuwa juu ya dereva. Zaidi ya hayo, kijana alikuwa hajajua namna ya kurekebisha motokari ili iende vizuri katika kona za kila uwanja. Mwaka ukaisha bila matokeo ya maana.

Hapo akafanya uamuzi uliobadilisha maisha yake. Mwaka wa 1968 aliiacha Alpine, akapata watu wa kumsaidia kwa feza, akanunua Tecno. Hiyo ilikuwa motokari ya ndugu wawili Waitalia wa Bologna, wakina Pederzani, walioanza kwa kutengeneza motokari ndogo za karting. Tecno ilikuwa fupi na nyepesi kugeuka. Cevert akaanza kushinda mara moja. Mwisho wa mwaka alikuwa bingwa wa Ufaransa wa Formule 3, mbele kidogo ya Jean-Pierre Jabouille.

Wenye Tecno hawakumwacha aende. Mwaka wa 1969 walimpandisha Formule 2 katika timu yao wenyewe. Alishinda kule Reims, na katika shindano la Ulaya akamaliza wa 3.

Formule 2 ilikuwa na faida moja kubwa kwa vijana. Mabingwa wa Formule 1 nao walishuka kushindana humo, kwa hiyo kijana aliweza kupimwa mbele ya wakubwa bila kungoja. Ndivyo ilivyotokea Crystal Palace, jijini London. Jackie Stewart, Mskoti aliyekuwa anaelekea ubingwa wake wa kwanza wa dunia, alipata shida sana kumpita Mfaransa huyo asiyejulikana. Stewart alipotoka kwenye motokari alimshauri mkubwa wake, Ken Tyrrell, amwangalie sana kijana yule.

Mwanafunzi wa Stewart

Mlango ulifunguka mwaka wa 1970. Dereva wa 2 wa Tyrrell, Mfaransa Johnny Servoz-Gavin, alikuwa ameumia jicho, na kisha mbio za Monaco akaacha kazi. Kampuni ya mafuta ya Elf, iliyokuwa inasaidia timu ile, ilitaka kiti kibaki kwa Mfaransa. Cevert akaitwa, akaanza Zandvoort, Uholanzi.

Siku hiyohiyo dereva Mwingereza Piers Courage alikufa katika moto uwanjani. Miezi michache baadaye, Monza, Cevert alipata pointi yake ya kwanza, siku moja tu kisha kifo cha Jochen Rindt palepale. Mtu aliyeingia Formule 1 miaka ile hakuweza kusema hakuonywa.

Stewart alimfundisha bila kumficha kitu. Alimwonyesha mahali pa kushika freni, namna ya kutumia vitesi, namna ya kuilinda motokari hadi mwisho. Mwanafunzi naye alikubali kujifunza. Mwaka wa 1971 alimaliza wa 2 nyuma ya mwalimu wake Ufaransa na Ujerumani. Monza akawa wa 3 katika mbio ambazo madereva 5 wa kwanza walipita mstari wote ndani ya sekunde moja.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 1971, Watkins Glen, Marekani, siku yake ilifika. Mipira ya Stewart ilianza kuchoka, naye akamwachia nafasi apite. Mbelgiji Jacky Ickx alimkimbiza Cevert kwa nguvu, mpaka motokari yake ikapata shida. Cevert akashinda, mbele ya Jo Siffert na Ronnie Peterson. Mshindi alipewa dola 50.000. Alikuwa Mfaransa wa 2 tu kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa Formule 1, baada ya Maurice Trintignant. Mwisho wa mwaka alikuwa wa 3 duniani.

Mwaka wa 1972 ulikuwa mgumu zaidi katika Formule 1. Lakini katika masaa 24 ya Le Mans, akiwa na Howden Ganley katika Matra, alimaliza wa 2.

Mwaka wa nafasi ya 2

Mwaka wa 1973 Cevert alimaliza wa 2 mara 6. Mara 3 kati ya hizo alikuwa nyuma ya Stewart: Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Kwenye Nürburgring alimfuata mwalimu wake kwa karibu sana hadi mwisho bila kumshambulia. Baadaye Stewart alikubali kwamba siku ile Cevert angeweza kumpita.

Stewart alikuwa na siri. Tangu mwezi wa ine mwaka ule, alikuwa ameamua kuacha mbio mwisho wa mwaka. Ken Tyrrell alijua. Cevert hakujua. Kwa 1974, yeye ndiye angekuwa dereva wa kwanza wa timu.

Mbio za mwisho za mwaka zilikuwa Watkins Glen, palepale aliposhinda. Kwa Stewart zilipaswa kuwa mbio za 100 na za kuaga. Siku ya posho, tarehe 6 mwezi wa kumi 1973, madereva walikuwa wanatafuta nafasi za kuanzia. Katika kona za kupanda zinazofuatana upesi, motokari ya Cevert ilitoka kwenye mstari wake, ikagusa vyuma vya upande mmoja, ikarushwa upande mwingine na kuingia ndani ya vyuma vile kwa mwendo mkali. Vyuma vilivyowekwa kwa kulinda madereva viling'oka na kuinuka. Cevert alikufa papo hapo. Mmoja wa waliofika kwanza kumsaidia alikuwa Jody Scheckter wa Afrika Kusini, ambaye majuma mawili mbele aligongana naye Canada.

Timu ya Tyrrell iliondoa motokari zake. Stewart hakukimbia mbio zake za 100, na hakushindana tena katika Formule 1.

Waliobaki

Cevert alizikwa Vaudelnay, katika jimbo la Maine-et-Loire. Nyuma yake ziko pointi 89 na mara 13 kati ya watatu wa kwanza, 10 kati yake akiwa wa 2.

Mwaka wa 1974 viti vya Tyrrell vilichukuliwa na Scheckter na Patrick Depailler, yule aliyeshindwa na Cevert katika Volant Shell ya 1966. Depailler naye alikufa akijaribu motokari, Hockenheim, mwaka wa 1980. Ufaransa iliendelea kungoja bingwa wake wa kwanza wa dunia mpaka 1985. Alikuwa Alain Prost, ambaye vilevile alianza kwa kushinda shindano la shule ya udereva, kama Cevert miaka mingi mbele yake.