Imamu Taftazani na Fumbo la Mwongo



Wanafunzi wetu wapendwa pamoja na wazazi, safari hii tunamtazama Imamu Saad-Din Taftazani, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 722 Hijria (1322 Miladia) katika kijiji cha Taftazan, Khurasan. Akiwa kijana wa miaka 16 tu aliandika sherehe ya kitabu cha sarfu cha Zanjani. Baadaye aliandika katika balagha, usuli-fiqhi, tauhidi na mantiki. Sherehe yake ya Aqida ya Nasafi ingali inasomeshwa. Mtawala Timur alimpeleka Samarkand, na huko mwaka 784 Hijria akakamilisha Sharhul-Maqasid.

Ndani ya kitabu hicho alilizungumzia fumbo lililowasumbua Wagiriki, kisha wanamantiki wa Kiislamu. Tuseme mtu anaingia chumbani, anatamka neno moja tu, kwamba hili analolisema sasa ni uongo, kisha ananyamaza. Je, amesema kweli? Tukisema ni kweli, basi ni uongo, maana ndivyo alivyotuambia. Tukisema ni uongo, basi mambo yamekuwa kama alivyosema, kwa hiyo ni kweli. Huku hakupitiki na kule hakupitiki.

Huu si mchezo wa maneno. Mantiki imejengwa juu ya msingi kwamba kila habari ama ni kweli ama ni uongo, wala haiwi vyote viwili. Fumbo hili linautikisa msingi huo.

Taftazani alilipa jina la jadhru asamm, yaani mzizi kiziwi. Wanahisabati waliliita hivyo jambo kama kipeuo cha pili cha 2, ambacho hakipatikani kwa namba nzima wala kwa sehemu. Ni kama kiziwi: unamwita, haitiki.

Imamu alizipima kauli za waliomtangulia, asiridhike na hata moja. Kwa elimu aliyokuwa nayo angeweza kutunga jibu la kuwanyamazisha wasomaji. Hakufanya hivyo. Aliandika wazi kwamba lililo bora ni kuacha kujibu na kukiri kushindwa.

Alifariki Samarkand mnamo mwaka 1390. Karne iliyofuata, Dawwani na Dashtaki, wanavyuoni wa Shiraz, waliandika risala wakibishana juu ya fumbo hilohilo. Dawwani aliona kuwa maneno yale si habari hata kidogo, kwa kuwa hayaelezi kitu chochote nje ya yenyewe. Dashtaki hakukubali. Mpaka leo wanafalsafa hawajaafikiana.

Wanafunzi wetu, wapo wanaoona haya kusema hawajui mbele ya wenzao, wakajibu ovyo, na wanaowasikiliza wakapotea. Aliyetunga vitabu vinavyosomwa kwa zaidi ya miaka 600 hakuona haya. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui, kisha kaulizeni.

Wallahu a'lam.